Karatasi Zako Ziseme Neno Moja

Hotuba kwa wanafunzi wanaojiandaa kuomba viza ya masomo

Mwenyekiti, walimu wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi vijana ambao ndio wenye mkutano: asanteni kwa kunialika. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti akiona nimenogewa, akohoe tu, nitaelewa.

Naanza na karatasi moja ambayo bado ninayo nyumbani. Ni taarifa ya benki, yangu mimi, ya mwaka nilioomba viza ya masomo kwa mara ya kwanza. Ina kurasa tatu. Mbili za mwanzo ni vijisenti vinavyoingia na kutoka, mwisho wa mwezi hakibaki kitu. Ukurasa wa tatu, mstari wa nne kutoka chini, kumeingia fedha nyingi kwa mkupuo. Mjomba wangu alikuwa ameniwekea ili akaunti ionekane imeshiba. Siku naenda kuhojiwa, fedha zile zilikuwa na siku tisa benki.

Ofisa wa viza aliipokea taarifa ile kupitia ule mwanya mwembamba chini ya kioo. Akapita ukurasa wa kwanza, akapita wa pili, akafika kwenye ule mstari, akauzungushia duara kwa kalamu. Wala hakuinua macho. Akaniuliza, "Hizi zimetoka wapi?" Nikajibu, "Ni akiba yangu." Mahojiano yaliishia hapo. Yaliyofuata ilikuwa adabu tu ya kuagana, na karatasi ya kunikatalia.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Fedha zile zilikuwa halali. Mjomba alikuwa ameuza gari lake, hati ya mauzo anayo, na nia ya kunisomesha alikuwa nayo tangu nikiwa mdogo. Ningesema, "Ni za mjomba wangu, ameuza gari, na hii ni barua yake," pengine tungeendelea kuzungumza. Nilidanganya mahali ambapo ukweli ungenitosha. Na tangu nianze kuwasaidia wanafunzi kuandaa maombi yao, nimeona kosa hilihili likirudiwa na vijana wenye akili kuliko mimi.

Kwa hiyo leo sitawapa siri yoyote. Siri haipo. Mkinisikia nikisema neno moja tu, liwe hili: ofisa hakujui, hamjui mama yako, wala hajui ulivyohangaika na mitihani. Anachokijua ni karatasi ulizomletea, na kazi yake ni kutafuta mahali zinapopishana. Fomu inasema baba ndiye mlipaji, barua inasema shangazi. Cheti kinasema ulimaliza Juni, fomu inasema Agosti. Umeandika huna ndugu nchi ile, kumbe kaka yako yuko huko mwaka wa tatu. Kila moja ni jambo dogo, lakini yeye hawezi kujua lipi ni kuteleza kwa kalamu na lipi ni uongo, na sheria nyingi hazimlazimishi akubembeleze ili ajue.

Lakini karatasi ziseme neno gani? Hapa wengi mnapotea, kwa sababu mnachukua ushauri wa rafiki aliyekwenda nchi nyingine. Kila nchi ina swali lake.

Marekani swali ni: huyu atarudi? Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamtaka ofisa akuchukulie kama mtu anayekwenda kuhamia, mpaka wewe umthibitishie kinyume chake. Rudieni hilo mlielewe vizuri. Ofisa haanzi akiwa katikati. Anaanza upande wa hapana, na mzigo wa kumtoa huko ni wako. Ndiyo maana hata mtu mwenye barua nzuri ya chuo na fedha za kutosha hunyimwa, akatoka analia kwamba hakuulizwa hata karatasi moja. Karatasi hazikuwa na shida. Alishindwa kueleza maisha yake yanaelekea wapi baada ya shahada.

Uingereza ni hesabu. Unahitaji alama 70: 50 za kukubaliwa na chuo chenye leseni ya kupokea wanafunzi wa nje, 10 za fedha, 10 za Kiingereza. Hakuna nusu alama. Ukipungukiwa kwenye fedha, zile 60 hazikusaidii.

Australia wamebadilisha swali hivi karibuni. Zamani walitaka uonyeshe kwamba kukaa kwako kutakuwa kwa muda tu. Tangu Machi 2024 wanapima kama wewe ni mwanafunzi wa kweli: umesoma nini, kozi hii inaunganaje na uliyosoma, itakufaidi nini. Mwenye miaka kumi kazini akiomba cheti cha miezi sita cha kitu anachokijua tayari, hapo pana maelezo ya kutoa. Na Japani mlango wenyewe unaanzia upande mwingine: kwa kawaida chuo ndicho hukuombea kwanza cheti cha kustahiki kutoka idara yao ya uhamiaji, ndipo wewe uende ubalozini.

Mnaona? Mtu akikuambia "viza ya masomo inataka hivi," muulize: ya wapi? Na hata akikujibu, nenda mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo ukasome. Masharti haya hubadilika, mengine ndani ya mwaka mmoja, na karatasi ya kaka aliyeondoka miaka mitatu iliyopita ni kumbukumbu nzuri ya familia, basi.

Turudi kwenye fedha, maana naona wazazi wamekaa mkao wa kusikiliza.

Swali la fedha lina sehemu mbili, na watu hujibu moja. La kwanza: zipo? La pili: ni zenu, na zimepatikanaje? Uingereza wameliweka la kwanza kwa namna ambayo haina huruma. Fedha ya karo ya mwaka wa kwanza na ya kujikimu hadi miezi tisa lazima ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Siku 28 maana yake 28. Nimemwona binti aliyekuwa na kila kitu, siku ya 19 baba yake akatoa kidogo alipe bili, akarudisha kesho yake. Kwa siku moja salio likashuka chini ya kiwango. Nilimwambia aanze kuhesabu upya, akanikasirikia. Lakini alihesabu upya, na sasa yuko mwaka wa pili. Ukitumia akaunti ya mzazi, weka cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha ni mzazi wako, na barua yake kwamba ameridhia fedha zile zitumike kukusomesha. Mjomba na shangazi huko hawahesabiki kama wazazi, hata kama ndio waliokulea, isipokuwa wawe walezi wako kisheria. Fedha yao ihamie kwako au kwa mzazi mapema, na ikae.

Ujerumani wana njia yao, na mimi binafsi naipenda kwa sababu haiachi nafasi ya kubishana. Unafungua akaunti maalumu, wenyewe huiita Sperrkonto, unaweka fedha ya mwaka mzima kabla hujaondoka, kisha ukifika unatolewa kiasi kilekile kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Hakikisheni kiwango kipya kabla ya kutuma, maana hupanda.

Ama swali la pili, la chanzo cha fedha, hilo linajibiwa na historia ya akaunti. Akaunti yenye mishahara midogo inayoingia kila mwezi kwa miaka miwili huaminika kuliko akaunti iliyonona juzi. Na pale ambapo fedha imeingia kwa mkupuo kwa sababu halali, ardhi imeuzwa, mafao yamelipwa, mkopo umetoka, usisubiri kuulizwa. Andika barua fupi, nusu ukurasa, ambatanisha hati. Ule mstari ofisa atauona tu, basi akiuona awe tayari ana jibu mkononi.

Sasa nizungumze habari ya vishoka. Sisemi mawakala wote ni matapeli. Wapo wanaofanya kazi safi, na vyuo vingi vinawatambua. Lakini mnakumbuka kilichotokea Kanada mwaka 2023? Wanafunzi kadhaa kutoka India, waliokwisha kuishi huko miaka, wengine wamemaliza masomo na kupata kazi, waligundulika kwamba barua za chuo walizoingilia zilikuwa za kughushi. Walipokuja kuomba ukaazi wa kudumu, wakaguzi walifukua faili la zamani wakakuta barua ile chuo hakikuitoa. Wengi walisema hawakujua. Wakala ndiye aliyeshughulikia kila kitu, na walipofika aliwaambia nafasi zimejaa, watafute chuo kingine. Serikali ya huko ilikuja kusema waliodanganywa bila kujua wasifukuzwe, lakini pata picha ya miezi waliyoishi wakisubiri neno hilo. Tangu Desemba 2023, Kanada wanathibitisha kila barua na chuo chenyewe kabla ya kutoa kibali cha masomo.

Fundisho langu la kivitendo ni dogo. Barua pepe inayotumika kwenye maombi iwe yako, na neno la siri ulijue wewe. Chuo kikikuandikia, kikuandikie wewe. Barua ya kukubaliwa ikifika, fungua tovuti ya chuo, tafuta anwani ya ofisi ya udahili hapo, waandikie uwaulize kama namba iliyo kwenye barua hiyo ni ya kweli. Usitumie anwani iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, maana mwenye kughushi barua hashindwi kughushi anwani. Na fomu ijaze kwa mkono wako. Najua inachosha. Ile ya Marekani, DS-160, ukikaa kama dakika 20 bila kuigusa hujifunga, na kama hukuhifadhi umerudi mwanzo. Nimeiona ikimfanya mtu mzima apige meza. Lakini fomu iliyojazwa na mwingine ina majibu ambayo huyajui, nawe ndiye utakayeulizwa dirishani. Saini ni yako, na kosa likitokea ni lako, wakala hata simu hapokei.

Kuna swali moja kwenye fomu nyingi ambalo huwatoa watu jasho: umewahi kunyimwa viza, ya nchi yoyote? Jibu ndiyo, kama ndiyo. Nasikia watu wanashauriana, "Sema hapana, hawatajua." Watajua. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand hubadilishana taarifa za uhamiaji, na alama zako za vidole hazina jina la pili. Mficha uchi hazai. Kunyimwa zamani ni jambo linaloelezeka kwa sentensi tatu: ilikuwa lini, sababu waliyoitoa, na kilichobadilika tangu hapo. Kuficha ndiko kusikoelezeka. Uingereza, udanganyifu kwenye maombi unaweza kukufungia mlango miaka 10. Kanada ni mitano. Australia mitatu, na mpaka kumi kama ulidanganya kuhusu wewe ni nani. Marekani ni maisha, isipokuwa upewe msamaha maalumu. Niliposoma sheria hizo, miaka mingi baada ya lile jibu langu la "akiba yangu," nilikaa chini kidogo. Mimi nilinyimwa tu. Yule ofisa angeweza kuandika maneno mazito zaidi ya yale.

Majina. Nitasema haraka, lakini wala si jambo la kupuuza. Pasipoti ndiyo bwana. Vingine vyote vifuate tahajia yake. Kama cheti cha shule kina herufi iliyozidi, au majina mawili badala ya matatu, tafuta hati ya kiapo sasa, kabla hujalipa ada yoyote. Fomu za wenzetu zinataka jina la ukoo na jina la kupewa, hata kama kwenu hamtenganishi hivyo. Mtu mwenye jina moja tu kwenye pasipoti, Wamarekani huliweka kwenye nafasi ya ukoo, na penye jina la kwanza huandika FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Ipo siku mhadhiri ataita "Bwana FNU" na darasa zima litageuka. Hilo ni la kuchekesha. Tiketi ya ndege yenye jina tofauti na la viza haichekeshi.

Vyeti visivyo katika lugha wanayoitaka vipelekwe kwa mtafsiri anayetambuliwa, na nakala ya asili iambatane. Kipimo cha kifua kikuu, kwa nchi zinazokitaka, kifanyike kwenye kituo walichokiidhinisha wao na si hospitali yoyote iliyo jirani. Mitandao ya kijamii nayo: fomu ya Marekani inataka majina unayotumia huko kwa miaka mitano iliyopita, na tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanatakiwa kurasa zao ziwe wazi. Siwaambii mfute chochote. Nawaambia kwamba ukiandika fomuni unakwenda kusoma uuguzi, na ukurasani umetangaza umeshapata kazi ya kuendesha malori huko, hizo nazo ni karatasi zinazopishana.

Mahojiano, kwa nchi zinazohoji. Mengi hayavuki dakika chache, na mengine huisha kabla hujamaliza kusalimia. Kwa hiyo usiende na hotuba. (Naona mwenyekiti ananitazama.) Wanafunzi huniomba niwape majibu ya kukariri, nakataa, kwa sababu majibu ya kukariri yana sauti yake, hata mimi nisiye ofisa naitambua. Ninachofanya ni kuwauliza swali moja mpaka waache kutoa jibu la brosha. "Kwa nini chuo hiki?" "Kwa sababu kina sifa duniani." Vyuo vyote vina sifa. "Kwa nini chuo hiki?" "Kwa sababu kina mazingira mazuri ya kujifunzia." Na gereza lina utulivu. "Kwa nini chuo hiki?" Kijana mmoja, mara ya nne, akasema kwa hasira kidogo: "Kwa sababu nilikataliwa na viwili nilivyovipenda zaidi, na hiki kina maabara ya udongo, na mimi nataka kufanya kazi ya kupima udongo." Nikamwambia, hilo ndilo jibu lako, usiligusie tena rangi. Alilisema dirishani, karibu neno kwa neno.

Ukiulizwa usichokijua, sema hujui. Ukiulizwa nani analipa, taja mtu, anafanya kazi gani, tangu lini. Usiporomoshe bahasha nzima mezani, mpe anachokiomba.

Na ukinyimwa? Lia kwanza, haki yako. Kisha soma barua. Namaanisha uisome, mstari kwa mstari, na mtu mwingine akiwa karibu, kwa sababu siku hiyo macho yako hayaoni. Marekani, kukataliwa kwa kile kifungu cha 214(b) hakuna rufaa. Unaweza kuomba tena wakati wowote, kwa ada mpya, lakini kuomba tena wiki ijayo ukiwa na maelezo yaleyale ni kulipia jibu lilelile. Uingereza, kama unaamini ofisa alikosea kwenye nyaraka ulizompa, unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 28 ukiwa nje ya nchi hiyo. Hapo huwa huwaongezei karatasi mpya; unawaonyesha walichokiruka. Kama kosa lilikuwa lako, anza maombi mapya.

Mimi nilisubiri miezi kumi na moja. Mara ya pili nilikwenda na bahasha nyembamba kuliko ya kwanza. Ndani yake mlikuwa na barua ya mjomba, nusu ukurasa, kwa mwandiko wake unaolalia kushoto: nimeuza gari, fedha nimempa kijana wangu asome, sitazamii anirudishie. Ofisa, safari hii mwanamama, aliisoma yote. Akaniuliza, "Mjomba sasa anasafiri na nini?" Nikasema, "Anatembea kwa miguu, na ananikumbusha kila siku." Akacheka, akachukua pasipoti yangu.

Mwenyekiti amekohoa mara mbili, nami nimesikia. Tumekubaliana muda uliobaki tuutumie mezani badala ya jukwaani. Walimu watapita na vyeti vyenu mlivyowaachia asubuhi. Wenye pasipoti zifungueni ukurasa wa picha, vyeti viwekeni ubavuni mwake, na msomeane majina kwa sauti, herufi moja moja. Atakayekuta yamepishana anyooshe mkono, nitaanza na yeye.